Rangi Tatu Kando ya Maji: Tahakiki ya Picha za Busia na Tororo

Mwalimu wa lugha aingiapo katika uwanja wa uchoraji hana budi kuomba radhi kwanza, nasi twaomba. Hatukusomea sanaa hiyo. Stashahada yetu ya ualimu ni ya Kiswahili, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yetu imekuwa insha, sarufi na fasihi. Hata hivyo tulikuwa miongoni mwa walimu wa pande mbili za mpaka, wa Busia na wa Tororo, waliokaa siku kadhaa kando ya mito wakijifunza kuchora mandhari ya maji kwa rangi tatu tu. Picha zilizopatikana zilitundikwa darasani pamoja na za wanafunzi wachache. Na maadamu zimetundikwa, ni haki zihakikiwe kama tuhakikivyo shairi au riwaya, bila kumwonea mtu haya. Nasi tukitaka kuhakiki kwa haki, imetupasa tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwezi Mei mwaka 2020 Mto Nzoia ulibomoa kingo zake katika nyanda za Budalang'i, kusini mwa Busia, na maelfu ya watu wakahama makwao. Shule wakati huo zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Zilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2021 tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya wasifu, "Mandhari ya Kwetu", tukawataka kila mmoja aambatanishe picha. Kijana mmoja aliyekuwa akiishi kwa jamaa zake tangu mafuriko yale alileta karatasi iliyojaa wekundu ukingo hadi ukingo. Alikuwa ametumia kalamu moja ya rangi, na ilipokwisha akamalizia kwa udongo. Juu palikuwa na mstari mwembamba mweupe; chini, upande wa kushoto, doa jeusi ambalo hatukujua kama ni chungu au ni kichwa cha ng'ombe. Basi. Tukachukua kalamu yetu, nayo ilikuwa nyekundu kama ilivyo ada ya walimu, tukaandika pembeni: "Maji hayawi mekundu." Tukampa 9 kwa 20.

Mara ya pili kijana yule alileta ziwa la buluu, tanga jeupe, na mnazi ulioinama, mti ambao yumkini aliuona katika kalenda. Tukampa 16, na picha hiyo tukaibandika ukutani ili wenziwe waige.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Mwenzetu aliyetuongoza ni mwalimu wa sanaa wa upande wa Tororo, mtu wa maneno machache. Hakutuletea sanduku la rangi. Alituletea vikombe vitatu vya plastiki: katika kimoja mna chokaa ya kupakia kuta, iliyokwisha kuzimwa, katika cha pili mna udongo mwekundu wa kando ya barabara, uliopondwa na kuchekechwa kwa kitambaa, katika cha tatu mna makaa yaliyosagwa hata yakawa laini kama wanja. Gundi ilikuwa ni uji mwepesi wa unga wa muhogo. Karatasi zetu zilikuwa za kaki, zile za kufungia vitabu. Baadhi yetu tulinung'unika kichinichini kwamba tumesafiri kutoka mbali kuja kuchezea matope. Lakini chokaa si kitu kigeni kwa Tororo. Mawe ya chokaa ya vilima vyake ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe pale katika miaka ya 1950. Na udongo mwekundu, nani katika pande hizi hajaurudisha nyumbani kwenye pindo la suruali?

Siku ya kwanza tulikaa kando ya Mto Malaba, Mwamba wa Tororo ukionekana kwa mbali umesimama peke yake juu ya tambarare. Mito hii miwili ya mpaka, kwa wasioijua, haielekei pamoja: Sio hushuka kusini ukaingia katika Ziwa Victoria baina ya Sio Port na Majanji, na Malaba huelekea magharibi ukajiunga na Mpologoma hata Ziwa Kyoga. Yote mwishowe ni maji ya Nile. Malaba siku hiyo ulikuwa umevimba kidogo, na rangi yake, twaapa, haikuwa buluu hata kidogo. Ilikuwa kama chai ya maziwa.

Tulipaka haraka, tukafurahi, tukaziacha picha juani zikauke. Tulipozirudia tulikuta zimetukana. Chokaa ikiwa mbichi haionekani, ikikauka hung'aa. Udongo ukiwa maji ni mwekundu wa damu. Ukikauka hupauka kama tofali. Kila tulichokiona wakati wa kupaka kilikuwa ni uongo wa maji, na mwenzetu yule alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo na kunyamaza. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na kipande cha karatasi cha kujaribia: anapaka, anangoja, anatazama, ndipo anagusa picha. Walimu wa sarufi tukajifunza subira.

Somo la pili lilikuwa la kufinya macho. Ukiutazama mto kwa macho yaliyofumba nusu, majani yote hupotea, mawimbi hupotea, na kinachobaki ni mapande matatu au manne ya giza na mwanga: anga, ukingo wa mbali, maji, mafunjo ya karibu. Mapande hayo yakiwa sawa, picha imesimama. Yakikosewa, hakuna rangi itakayoiokoa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba anga haikuwa pande jepesi kuliko yote kila wakati, na kwamba kivuli cha mti kilichoanguka juu ya Malaba kilionekana dhahiri kama kilichoanguka juu ya barabara. Maji safi hayashiki kivuli; maji ya tope hukishika. Tena taswira ya kitu majini si nakala halisi ya kitu hicho: cheupe hutiwa giza kidogo, cheusi hupungua weusi wake. Haya hayakuwamo katika mandhari zozote tulizowahi kuwasahihishia wanafunzi, wala katika insha zao. Huko maji daima "yalimetameta kama kioo".

Na kijani? Na buluu? Hili ndilo swali lililotusumbua wote. Mafunjo ni kijani, nasi hatukuwa na kijani. Jawabu tulilipata kwa bahati, pale mama mmoja mwalimu wa Nambale alipochanganya makaa na chokaa akapata kijivu, akakipaka katikati ya wekundu wa udongo. Tukaona kijivu kile kimegeuka. Kikombeni kilikuwa jivu tupu. Pale karatasini, kando ya wekundu, kilielekea buluu, na penye wekundu mwingi zaidi kilielekea kijani. Jicho lenyewe ndilo lililotia rangi iliyokosekana. Jambo hili lina historia: mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alichapisha mwaka 1839 kitabu kizima juu ya namna rangi mbili zikaapo jirani zinavyobadilishana sura. Na yule mchoraji wa Uswidi, Anders Zorn, aliyefariki mwaka 1920, anakumbukwa kwa kuchora kwa rangi nne, yaani nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi, weusi ukimfanyia kazi ya buluu. Na Zorn kwao palikuwa pa maziwa na mito, wala watazamaji hawakulalamika kwamba maji yake yana kiu ya rangi.

Lakini sisi ni watu wa lugha, na hapa twaomba ruhusa ya kukengeuka kidogo. Mwanafunzi akituuliza Kiswahili kina vivumishi vingapi vya rangi vyenye mzizi wake, vinavyopokea viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine, tutamjibu kuwa ni vitatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Hakuna cha nne. Zilizobaki zote tumeziazima kwa vitu au kwa majirani: manjano ni kiungo cha pilau, kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu ya Waarabu, na buluu tumeipokea kwa Waingereza. Wapo waliokwisha kuona jambo hili kuwa upungufu wa lugha. Hatukubaliani nao. Mswahili husema ng'ombe mwekundu na maana yake kila mtu aijua; husema udongo mwekundu, jua jekundu, macho mekundu, na wekundu huo si mmoja. Mzizi mmoja huenea juu ya mambo mengi, na jirani yake katika sentensi ndiye anayeuambia ni wekundu upi. Vikombe vitatu vya mwenzetu wa Tororo vilikuwa ni mizizi yetu mitatu. Tulichoka kucheka tulipolitambua hili, maana tumekuwa tukikifundisha kipengele hicho cha sarufi miaka yote bila kukitazama.

Tena si sisi wa kwanza. Katika mwamba wa Kakapel, huko Teso Kaskazini ndani ya Busia, pana michoro ya kale ya wekundu na weupe, maumbo ya duara na mistari pamoja na ng'ombe, iliyochorwa na watu wa nyakati mbalimbali. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata chini ya mwamba huohuo punje za kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Na ukivuka mpaka ukapita Mbale hata Kumi, utakuta miamba ya Nyero, yenye duara ndani ya duara, nyingine nyekundu, nyingine nyeupe. Walioichora hawakuacha majina, na maana ya duara zile wataalamu wanabishana nayo hata leo. Lakini wazo la kwamba rangi chache ni ufukara wa fikira halina nguvu mbele ya miamba hiyo.

Sasa picha zenyewe. Tutazitaja tatu, maana nyingi za zilizosalia, pamoja na zetu, zilikuwa mazoezi tu na zapasa kuitwa hivyo.

Ya kwanza ni ya mwalimu mkongwe wa Tororo, "Mwamba Ng'ambo ya Mto". Kwa upande wa fani hatuoni mwingine aliyemfikia. Ameacha karatasi ya kaki ibaki wazi katika anga yote, hakuigusa, na kwa hivyo akapata rangi ya nne bure. Mwamba ameupaka kwa kijivu kimoja, ukingo wake laini kwa sababu uko mbali. Mafunjo ya karibu ni makali, meusi, machache. Mto ni mapigo marefu ya ulalo, matano tu kwa hesabu yetu. Mtazamaji husimama mbele yake akasema, naam, hapa ndipo. Kisha huondoka. Hapo ndipo kasoro ilipo. Picha inasema mwamba uko pale na mto uko hapa, basi. Haina swali. Kwa wale wanaoshika sana utaratibu wa fani na maudhui, hii ni fani iliyokomaa ikilinda nyumba isiyo na mtu. Mwenyewe alipoyasikia haya alitabasamu, akasema kwamba katika umri wake amani ni maudhui ya kutosha. Jibu hilo tumelichukua kwa uzito kuliko alivyodhani, ila msimamo wetu hatukuubadilisha.

Ya pili ni ya mama wa Nambale, yule wa kijivu. Ameuchora Mto Sio mahali pa kuvukia, na ukingoni ameweka baiskeli imelala ubavu, haina mtu. Msomaji wa nje huenda asitambue uzito wa chombo hicho hapa Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwabeba abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili, wakinadi "boda, boda", na jina hilo ndilo lililoenea Afrika Mashariki nzima hata pikipiki zikalirithi. Mpaka huu umeishi kwa magendo na kwa halali, kwa njia kuu na kwa njia za panya. Tangu mwaka 2018 vituo vya forodha vya pande mbili vimeunganishwa kuwa kimoja, lakini mto haujasoma tangazo hilo. Baiskeli ile iliyolala yatutia wasiwasi. Mwenyewe amevuka? Amekamatwa? Amezama? Wekundu wa ukingo unaingia majini bila mpaka ulio wazi, na hatuwezi kusema nchi inaishia wapi. Hii ndiyo twaiita picha yenye hisia, wala hakuna uso wa mtu unaolia ndani yake.

Kasoro yake ni mafunjo. Ameyachora moja moja, kila shina na kishungi chake, kama mtu aliyeogopa kuulizwa hesabu. Mafunjo mia yaliyochorwa sawasawa hayana nguvu ya mafunjo matatu yaliyochaguliwa, na hapa tunamwambia dada yetu yaleyale tunayowaambia wanafunzi juu ya vivumishi: ukivirundika vinane mbele ya nomino, msomaji hukumbuka uchovu wake tu.

Picha ya tatu ni ile ya kijana wa Budalang'i. Tuliikuta katika jalada la zamani, imekunjwa mara mbili, na alama yetu ya 9 ingali pembeni. Tuliitundika bila kusema ni ya nani. Walimu walisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya nyingine zote. Yule mwalimu wa sanaa, mtu wa maneno machache, alituuliza ni nani aliyemfundisha mchoraji huyu kuyapandisha maji juu namna ile, hata yakachukua karatasi yote na mtazamaji akajiona yumo ndani. Hatukumjibu. Tuliona sasa, baada ya siku zetu za Malaba na Sio, kwamba wekundu ule haukuwa wa namna moja: wa kalamu ulikuwa mkali, wa udongo mzito, na pale viwili vilipokutana paliumbika mkondo, kana kwamba maji yanasogea kuelekea lile doa jeusi. Nzoia ikifurika hubeba udongo wa mashamba ya juu; maji yake huwa mekundu. Hilo tulilijua. Tumelijua maisha yetu yote, na bado tulishika kalamu tukaandika kinyume chake, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa ameandika alichokiona nasi tulikuwa tukisahihisha kwa alichokiona mtu mwingine.

Ni haki tuieleze pia hoja ya mwenzetu mmoja aliyetupinga vikali. Alisema kwamba tunaufanya ufukara kuwa fadhila. Kwamba mtoto wa mjini hupewa rangi ishirini na nne katika sanduku, wa Busia apewe tope na kusifiwa. Akatukumbusha kwamba Edward Said Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam katika miaka ya 1960, hakwenda kuchimba udongo. Alinunua rangi za mafuta zinazong'aa, akapaka juu ya vibao vya dari, akachora anavyotaka. Akamtaja pia Gregory Maloba, kijana aliyezaliwa Mumias, karibu na hapa, aliyekwenda kusoma kwa Margaret Trowell huko Makerere na mwaka 1962 akaisimamisha sanamu ya uhuru mjini Kampala: je, naye angeambiwa abaki na udongo wa kwao? Hoja hii ina nguvu, nasi hatuna haja ya kuiponda. Rangi tatu ni zoezi, kama mwalimu anavyomwambia mwanafunzi aandike aya moja bila kivumishi. Zoezi likiisha, mtoto apewe buluu, na apewe nzuri. Tunalolikataa ni kumpa buluu kabla hajatazama maji. Mwenzetu hakuridhika, na ubishi huo uliendelea hadi kwenye gari la kurudi.

Yapo tunayopendekeza kwa walimu wa Kiswahili, hasa sasa ambapo Uganda, tangu uamuzi wa baraza lake la mawaziri wa mwaka 2022, imeelekea kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni, na wenzetu wa Tororo wanatafuta njia za kukifundisha kwa watoto wasiokisikia nyumbani. Insha ya wasifu na itanguliwe na picha, na picha na itanguliwe na matembezi hadi mtoni. Mtoto aliyesaga makaa yake mwenyewe hatasahau tofauti ya "maji meusi" na "maji mazito", na hatahitaji kukaririshwa kioo kinachometameta.

Kijana mwenyewe sasa ni mtu mzima, anaendesha pikipiki mjini Busia. Alimleta abiria shuleni siku ya mwisho ya maonyesho, akachungulia mlangoni, akaiona karatasi yake. Tulimwita ndani, tukamwomba radhi mbele ya walimu, naye akaona haya kuliko sisi. Kisha tukamweleza, kwa kiburi kidogo cha mhakiki aliyekwisha kutubu, jinsi tulivyouelewa ule mstari mweupe wa juu: upeo wa macho, mwanga wa mbali, tumaini. Aliutazama kwa muda.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hilo ni tuta. Ni vyandarua. Tulilala pale."